Geji ya Kuongeza kwenye Gari lenye Tabo: Kuchagua, Kufunga na Kuisoma

Mtu akishanunua Forester ya tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini), Impreza WRX au Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE, geji ya kwanza anayoitamani ni ya presha ya tabo. Inapendeza, mshale unacheza kila akikanyaga mafuta, na kila abiria anaiulizia. Lakini injini za tabo zinazoingia gereji zikiwa zimekufa huwa zimeuawa zaidi na mambo mengine: oili iliyopungua bila mwenyewe kujua, maji yaliyochemka mlimani, moto wa ekzosi uliopita kiasi. Ndiyo maana nakuomba usianzie dukani. Anza na injini uliyonayo, ujue inauawa na nini, kisha utafute geji itakayokupa habari hiyo mapema, wakati bado una nafasi ya kuzima gari.

Hatua ya 1: Jua dashibodi yako inakuficha nini

Mshale wa joto uliokuja na gari kutoka kiwandani si kipimo kamili. Katika magari mengi ya Kijapani umepangwa makusudi usimame katikati kuanzia takriban nyuzi 80 za Selsiasi hadi zaidi ya 100, ili dereva asipate wasiwasi kila joto linapopanda na kushuka kidogo. Maana yake ni kwamba siku utakapouona umeinuka kutoka katikati, maji yamekwisha pita mpaka wa salama, na gasketi ya silinda hedi iko hatarini. Magari mengine hayana hata huo mshale. Yana taa ya bluu ya baridi na taa nyekundu ya hatari basi.

Taa nyekundu ya oili ni mbaya zaidi. Wengi wanaamini ikiwa imezimika, presha ya oili iko sawa. Ile taa inaendeshwa na swichi tu, na swichi hiyo huwasha taa presha inapokuwa karibu imekwisha, mara nyingi chini ya nusu bar (bar ni kipimo cha presha). Injini iliyopata moto na inayozunguka mara 4,000 kwa dakika inahitaji karibu bar 3. Kati ya 3 na nusu kuna eneo kubwa ambalo beringi zinasagika huku dashibodi ikiwa kimya kabisa. Injini nyingi hunoki, yaani beringi huisha na injini kufa, katika eneo hilo.

Kabla ya kutoa hela, jaribu pia kifaa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Ni cha bei nafuu na kitakuonyesha joto halisi la maji kwa namba. Kikifanya kazi kwenye gari lako, geji ya joto la maji unaweza kuiahirisha. Kina mipaka yake, hata hivyo. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayajibu lugha ya kawaida ya vifaa hivi, taarifa huja kwa kuchelewa, na presha ya oili hakiwezi kuionyesha ikiwa gari halina sensa inayoipima, na mengi hayana.

Hatua ya 2: Chagua kwa injini, si kwa macho

Kama una Subaru yenye injini ya EJ20 ya tabo, nunua geji ya presha ya oili kwanza. Katika hili sina maneno mawili. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukiwa umeelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayobeba beringi za koni, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Injini hizi zikishachakaa hula oili, na kwa kuwa hazimwagi chini wala hazitoi moshi mwingi, mwenye gari hajui hadi kijiti cha oili kitoke kikavu. Kona kali yenye mwendo nayo huisukuma oili pembeni mwa sampu, trei ya oili iliyo chini ya injini, na pampu ikavuta hewa. Geji itakuonyesha mshale ukianguka ghafla kwenye kona, na hiyo ni dalili ambayo taa ya dashibodi haitakupa kwa wakati.

Kanuni ya mafundi ni kwamba oili ikiwa ya moto, utegemee kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Ukiwa umesimama na injini inaunguruma polepole, bar 0.7 hadi 1 inatosha. Kwenye mizunguko 4,000 uone kama 2.8 au zaidi. Asubuhi injini ikiwa baridi utaona 5 au 6, na hilo lisikushtue, oili bado nzito. Kosa ni kusifu namba ya asubuhi. Namba ya kuamini ni ile ya baada ya nusu saa ya safari. Kwa hiyo geji ya joto la oili ndiyo mwenza wake wa kwanza: presha bila kujua joto haikwambii yote. Nyuzi 90 hadi 110 ni kawaida. Ikifika 130, punguza mwendo.

Dizeli ni habari nyingine. Land Cruiser yenye 1HZ iliyofungiwa tabo baadaye, au yenye 1HD-T iliyoongezwa mafuta kwenye pampu, inahitaji geji ya joto la moshi kabla ya kitu chochote. 1HZ ilitoka kiwandani bila tabo. Ukiiongezea tabo na mafuta, joto linaweza kupanda kuliko lile ambalo pistoni zake zilitengenezewa. Katika dizeli, mafuta mengi yakikosa hewa ya kutosha ndiyo moto mwingi: kila unapokanyaga ndipo joto linapopanda. Mpaka ambao mafundi wengi wa dizeli wanausimamia ni karibu nyuzi 700, ukipima kabla ya tabo, kwa mzigo wa muda mrefu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haiyeyuki papo hapo kwa sababu oili inaipoza na moto huo huja kwa vipindi, lakini ukiulazimisha kwa dakika kumi mfululizo, itapasuka au itaunguzwa kichwa.

Fikiria mlima Kitonga ukitokea Morogoro kwenda Iringa, au kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, gari limejaa mzigo na unashikilia gia kubwa ili usipoteze mwendo. Geji ya joto la maji itachelewa kukwambia; bloku na maji huchukua muda kupata moto. Geji ya joto la moshi hupanda ndani ya sekunde chache, na ukishusha gia na kulegeza mguu, hushuka ndani ya sekunde chache vilevile. Sijui geji nyingine inayomfundisha dereva kuendesha vizuri namna hiyo.

Kwenye petroli sheria hiyo inageuka. Tabo ikiwa inasukuma, mafuta pungufu ndiyo yanayoleta joto na mlipuko usio na mpangilio ndani ya silinda, na mafuta ya ziada hupoza. Hapo ndipo inapoingia geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ambayo madukani huitwa waidibendi. Ukiwa umebadilisha ekzosi nzima, umepandisha presha, au umeandika upya kontroli boksi (kompyuta ya injini), hii si anasa. Namba 14.7 ni mchanganyiko kamili wa petroli, unaouona ukienda taratibu. Ukikanyaga hadi chini tabo ikisukuma, utake kuona 11 hadi 11.8 hivi. Ukiona 13 huku presha imejaa, toa mguu mara moja. Kumbuka pia kwamba WRX STI za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya kwao ya oktani 100, na petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Gari kama hilo liendeshwe kwa tahadhari hata kama halijaguswa.

Na geji ya presha ya tabo? Ina heshima yake. Kwenye 1JZ-GTE ya tabo mbili, magurudumu ya upande wa moshi ni ya kauri. Kiwandani yanasukuma karibu bar 0.7, na ukizidisha hadi kukaribia bar 1 yanaweza kuvunjika. Mwenye injini hiyo anafanya vizuri kuinunua mapema. Vilevile aliyefunga kidhibiti presha cha mkono hana njia nyingine ya kujua anachokifanya. Kwa gari la petroli geji hii ina faida ya pili ambayo watu hawaitumii: upande wa chini ya sifuri. Injini yenye afya ikiunguruma polepole jijini Dar es Salaam itavuta hadi kama -0.6 au -0.7 bar. Ikipungua kutoka kwenye kawaida yake, tafuta hozi iliyopasuka au gasketi inayovuta hewa.

Hapa mwinuko wa mahali unawachanganya watu wengi. Hewa ya Dar ina uzito wa karibu bar 1.01, ya Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni karibu 0.83. Injini ileile yenye afya ileile itaonyesha kama -0.5 ikiwa Nairobi. Na kama geji yako ni ya umeme yenye sensa inayopima kuanzia utupu kamili, unaweza kuikuta iko chini ya sifuri injini ikiwa imezimwa. Si ubovu. Usikubali kuuziwa nyingine kwa sababu hiyo. Dizeli nyingi hazivuti utupu, kwa hiyo geji inayoanzia sifuri inazitosha.

Hatua ya 3: Umeme au mpira, na mambo ya kuuliza dukani

Geji za mpira, zinazoleta presha yenyewe hadi ndani ya gari kwa mrija, ni rahisi na hazihitaji sensa. Kwa presha ya tabo hakuna tatizo, kwani kinachopita ni hewa. Kwa oili usikubali kabisa. Mrija mwembamba wa oili ya moto yenye bar 5 ukipasuka juu ya miguu ya dereva barabara kuu, hatuzungumzii injini tena. Oili ipimwe kwa sensa iliyoko kwenye injini, na kinachoingia ndani ya gari kiwe waya tu.

Sifa ninayoidai kuliko zote ni kengele. Macho ya dereva yako barabarani, na presha ya oili inaweza kuondoka wakati unapita lori. Geji iwe na mlio au taa kali inayowaka kwa kiwango unachokipanga mwenyewe. Ya pili ni kumbukumbu ya namba ya juu kabisa iliyofikiwa, ili usilazimike kuitazama huku unakimbia.

Angalia kipimo cha uso wake. Geji ya presha ya tabo ya gari ambalo halijaguswa iwe ya -1 hadi 2 bar. Ukichukua inayofika 4, tofauti ya 0.1 hutaiona. Ya presha ya oili ifike 10. Ya joto la moshi ifike nyuzi 1,000 kwa dizeli, na zaidi kwa petroli. Kuhusu vipimo, bar 1 ni psi 14.5 na ni kPa 100. Geji za Kijapani zilizoandikwa kilo kwa sentimita ya mraba zinakaribiana sana na bar, kwani kilo 1 ni bar 0.98. Ukubwa uliozoeleka ni milimita 52 na 60. Pima nafasi uliyonayo kwanza.

Majina kama Defi, GReddy, HKS, AEM, Innovate na Prosport yanajulikana, na kwa sababu yanajulikana, yanaigwa. Defi bandia ni nyingi. Njia nzuri ya kujilinda ni swali moja kwa muuzaji: sensa ya geji hii ikifa, nitaipata peke yake? Sensa ndiyo inayokaa kwenye moto na mtetemo, na ndiyo itakayokufa kwanza. Asipoweza kuitaja kwa namba yake, usinunue, hata kama uso wake unang'aa namna gani. Kwa waidibendi uliza inatumia sensa gani. Bosch LSU 4.9 ni chaguo zuri kwa kuwa inapatikana na haihitaji kupangwa upya kwenye hewa ya wazi kama ile ya zamani ya LSU 4.2.

Hatua ya 4: Kufikisha sensa kwenye injini

Kazi nyingi za geji zinaharibikia hapa, na mara nyingi kwa sababu ya uzi. Tundu la swichi ya oili kwenye injini nyingi za Kijapani lina uzi wa BSPT wa 1/8, wenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za Marekani huja na sensa ya NPT ya 1/8, nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho zinafanana, na ukiingiza kwa mkono zinashika mizunguko miwili mitatu, ndipo fundi anachukua spana. Matokeo ni kuvuja, au bloku ya alumini kupasuka. Nunua kiunganishi sahihi cha kubadilisha uzi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bloku.

Usifunge sensa nzito moja kwa moja kwenye tii ngumu inayoning'inia kwenye bloku. Mtetemo utaikata shingo, na oili yote itamwagika ndani ya dakika chache. Tumia hozi fupi ya presha yenye nyuzi za chuma, na sensa ifungwe kwenye bodi. Njia nyingine safi ni pleti inayokaa kati ya filta ya oili na bloku, yenye matundu ya sensa mbili, ya presha na ya joto. Injini za EJ hutumia uzi wa M20x1.5 kwenye filta, na JZ hutumia inchi 3/4 yenye nyuzi 16, kwa hiyo pleti ya moja haiingii kwenye nyingine.

Jambo dogo linalosumbua sana: sensa ya waya mmoja hupata negativu yake kupitia uzi wenyewe. Ukiizungushia tepu ya uzi hadi ikafunikwa yote, geji itasoma uongo au haitasoma. Acha nyuzi za mwanzo wazi. Na sensa ya namna hiyo ukiihamishia kwenye bodi kwa hozi, hakikisha kishikio chake kinagusa chuma kisicho na rangi, au uivutie waya wake wa negativu.

Kwa presha ya tabo, chukua hewa kwenye manifoldi ya kuingiza, baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Usikate hozi ya kirekebisha presha ya petroli, kwa sababu ikivuja itabadilisha mafuta yanayoingia kwenye injini; wala hozi ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo ili presha isizidi), kwani ikivuja tabo itasukuma bila kipimo. Hozi ya valvu ya kutolea hewa inafaa. Funga kila kiungo kwa klipu.

Kichwa cha geji ya joto la moshi kikae kabla ya tabo, ncha yake ikiwa katikati ya mkondo wa moshi, mahali mirija ya silinda inapokutana. Ukikiweka baada ya tabo, namba itakuwa chini, mara nyingi kwa nyuzi 100 hadi 200 ukiwa na mzigo, na utajidanganya. Manifoldi ifunguliwe kabla ya kutobolewa kwa keekee. Wako mafundi wanaotoboa ikiwa mahali pake, injini ikiunguruma, wakitumaini moshi utasukuma vumbi la chuma nje. Chembe moja ikibaki itaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Kataa, hata kama watakucheka.

Sensa ya waidibendi inakaa baada ya tabo, sentimita 60 hivi au zaidi, upande wa juu wa bomba ili maji yasiitulie. Ikishafungwa lazima ipate umeme kila injini inapowaka. Ikikaa kwenye moshi bila kujipasha itaziba na kufa.

Hatua ya 5: Waya

Geji nyingi za umeme zina waya nne: wa umeme wa kudumu kutoka betri, wa swichi, wa taa za usiku na wa negativu. Kila chanya ipite kwenye fyuzi yake ndogo. Negativu zote zikutane sehemu moja iliyo safi, usizigawe huku na kule, maana tofauti ndogo ya umeme kati ya sehemu na sehemu hufanya mshale uyumbe. Waya zipite kwenye ukuta wa injini ndani ya kipete cha mpira, mbali na ekzosi na mbali na koili za plagi. Waya na soketi za njano chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa. Usiziguse kutafuta umeme. Na kama gari lako lina mfuko wa hewa ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, usifunge geji kwenye nguzo hiyo. Itarushwa usoni.

Hatua ya 6: Andika kawaida ya gari lako

Namba nilizotaja ni za kuanzia. Gari lako lina zake. Wiki ya kwanza, andika kwenye simu: presha ya oili injini ikiwa baridi, ikiwa ya moto imesimama, ikiwa ya moto kwenye mizunguko 3,000, joto la oili kwenye foleni ya mchana na kwenye safari ndefu, presha ya juu ya tabo kwenye gia ya tatu, joto la moshi kwenye mlima unaoupanda mara kwa mara. Kisha panga kengele nje kidogo ya kawaida hiyo. Presha ya oili inayoshuka polepole mwezi hadi mwezi, kwa joto lilelile na oili ileile, inasema beringi au pampu imechoka. Ikishuka ghafla baada ya kubadilisha oili, angalia kwanza uzito wa oili uliyowekewa. Presha ya tabo ikipungua ghafla, hozi imechomoka. Ikipita kawaida, westigeti haifunguki.

Kagua viungo vyote baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza, na tena baada ya wiki, kwa tochi na kitambaa cheupe. Unyevu wowote wa oili kwenye kitambaa, kaza au fungua uanze upya.

Kila anayeliendesha gari hilo, awe mke, mume au dereva wako, ajue la kufanya kengele ikilia. Presha ya oili: nyutro, zima injini, serereka hadi pembeni ukikumbuka kwamba usukani na breki vitakuwa vizito, usiwashe tena hadi umeangalia kijiti. Joto la moshi: legeza mguu, shusha gia. Joto la maji: zima kiyoyozi cha baridi, washa hita hadi mwisho, tafuta mahali pa kusimama, na kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi hozi ya juu ishikike kwa mkono mtupu.